Maneno ya Hasira Hayaandikwi

Malori ya mchanga yakipita chini ya dirisha la ofisi yetu huacha mstari wa maji barabarani. Mchanga hutolewa mtoni ukiwa bado umelowa, kwa hivyo lori hudondosha maji njia nzima, kutoka upande wa Kola hadi hapa mjini Machakos, na jua likishika mstari hukauka kabla ya saa nne. Zamani sikuuona. Siku hizi nauangalia kila asubuhi nikifungua dirisha, na nikishauona siwezi kunywa chai mpaka ukauke. Wenzangu nimewaambia ni tumbo linanisumbua.

Mimi ni katibu wa bodi ya shirika dogo la kutetea amani. Bodi yenyewe ni wanawake saba. Mwenyekiti ni mwalimu mkuu mstaafu, tunamwita Madam, na mpaka leo akiingia chumbani tunanyoosha migongo kama tuko paredi. Yuko pia mama mmoja mwuza vitambaa, aliyekuja hapa akiwa bibi harusi kutoka upande wa Murang'a na akazeekea kwetu, mtu wa mdomo mkali na moyo mwepesi. Mimi nilikuwa karani mpiga chapa. Nilifundishwa hati mkato na mwanamke ambaye ukiruka neno moja alikurudishia ukurasa mzima, na hicho ndicho kilichonipa cheo, kwamba naandika upesi kuliko watu wanavyosema. Sikuchaguliwa kwa upole. Hasira zangu zinajulikana kutoka sokoni hadi kanisani, na marehemu mume wangu alikuwa akisema bodi ya amani ilinichukua ili ipate mtu wa kufanyia mazoezi.

Kazi yetu ni kukalisha watu chini: ndugu waliogombania mpaka, mama mkwe na mke wa mwana, majirani waliokatiana miti. Tunawasikiliza, tunaandika makubaliano, wanatia sahihi, tunapiga muhuri, kisha wote tunakula muthokoi kutoka sufuria moja. Muthokoi ni mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, na ukiupika kwa pupa hauivi. Madam husema ndiyo sababu tunaupika, kwa maana anayengoja muthokoi huwa ameshachoka kugombana.

Tuna sheria moja ambayo wageni wanaotutembelea huipenda sana. Maneno ya hasira hayaandikwi. Katika miaka yetu ya kwanza niliandika kila kitu, na karatasi moja ikatoka ofisini, sijui kwa mkono wa nani. Familia mbili zilizokuwa zimepatana zikasomewa matusi yao wenyewe kwenye matanga, mbele ya jeneza, na kazi ya mwaka mzima ikaisha kwa dakika kumi. Toka siku hiyo tukaamua kwamba kumbukumbu zetu zitabeba makubaliano peke yake. Nikiwa naandika, Madam ananyanyua kidole, nami najua neno hilo ni hasira na haliingii. Kikao kikiisha nanakili yaliyobaki, na zile karatasi za hati mkato tunazichoma kwenye jiko la makaa pale varandani, waliogombana wakiangalia. Halafu tunapikia chai moto huo huo. Mama wa vitambaa alikuwa akiwachekesha kwa kuwaambia, "Kunyweni, ndio hiyo hasira yenu, tumeiweka sukari."

Nilijivunia sheria hiyo kuliko nilivyojivunia baadhi ya watoto wangu. Niseme ukweli.

Mjane mmoja alikuja kwetu mwaka juzi, wakati wa kiangazi. Alikuwa mwanamke mfupi, mweusi, mwenye mikono mikubwa ya mtu anayelima kwa jembe, na alikuwa na shamba dogo linaloishia mtoni. Shemeji yake, ndugu wa marehemu mumewe, alikuwa amewafungulia njia wenye malori wapite ukingoni mwa shamba hilo kwenda kuchota mchanga. Yeye alitaka njia ifungwe. Shemeji alitaka iachwe, kwa sababu kila lori likiingia kulikuwa na kitu chake, na kwa sababu, kama alivyosema bila haya, mto ni wa Mungu. Walikuwa hawasalimiani tena, na vijana wa pande zote mbili walikuwa wameanza kutembea na rungu. Ndipo pasta wao akatuita.

Tulikaa nao kutwa nzima ofisini. Shemeji alikuwa na ulimi wa asali. Alituita mama zetu, akamwita mjane dada, akasema yuko tayari malori yasipite Jumapili na yasimwagie vumbi nguo zake. Tukampenda. Mtu akija kwenye bodi ya amani akiongea taratibu tunampenda haraka, hilo nalo niliseme. Mjane hakujua kuongea taratibu. Alisimama, akapiga meza kwa kiganja hadi kalamu yangu ikaruka, akasema kwa sauti iliyosikika hadi kwenye duka la mbegu lililo chini yetu:

"Mimi ndio nateka maji hapo kila asubuhi, si nyinyi! Mchanga ikiisha hiyo ukingo haina kitu ya kuishika. Itaanguka! Na itaanguka na mimi! Mnanisikia? Itaanguka na mimi!"

Mkono wangu ulikuwa umeshaandika yote. Madam akanyanyua kidole.

"Mama, tulia," akamwambia. "Hapa hatupigi kelele. Hapa tunatafuta amani."

Nikapiga mstari juu ya maneno yale. Nakumbuka nilipiga mmoja, ulionyooka, kwa sababu napenda karatasi safi. Mjane aliniona nikiupiga. Aliangalia kalamu yangu, akaniangalia mimi, akaketi, na kuanzia hapo hakusema neno lingine. Tukasoma makubaliano: malori yapite ukingoni, yasipite Jumapili, yasipite mbio, na pande mbili zisalimiane. Alipoulizwa kama amekubali aliinamisha kichwa kidogo. Alitia sahihi kwa kidole gumba ingawa baadaye nilisikia anajua kuandika. Tukachoma karatasi, tukapika chai, tukapakua muthokoi. Yeye alishika sahani yake magotini na kuiangalia. Mmoja wetu akaanzisha pambio, nasi tukapiga makofi, na mama wa vitambaa akaninong'oneza kwamba ameona Mungu akitenda, yaani simba amekuwa kondoo. Nikaongeza mstari mmoja mwisho wa kumbukumbu, jambo ambalo sikuwa na kawaida ya kulifanya, kwa vile nilikuwa nimefurahi.

Miezi mitano baadaye, baada ya mvua za Novemba, ukingo ulianguka. Mjane alikuwa ameshuka mtoni asubuhi, akachimba kisima cha mchangani kama wanavyofanya watu wote wa kule, yaani unafukua hadi maji yatokeze kisha unangoja yajae ukichota kwa kikombe. Ilimbidi achimbe zaidi kuliko zamani kwa sababu mchanga ulikuwa umekwenda. Walimtoa mchana.

Tulienda mazishini sisi sote saba, na vitambaa vya bluu vya bodi kichwani. Tuliwekwa viti vya mbele. Shemeji yake alipopewa nafasi ya kusema aligeuka, akatuonyesha kwa mkono, akatushukuru mbele ya umati kwa sababu, alisema, dada yake alikufa akiwa na amani na watu wote. Watu wakapiga makofi. Mimi pia nilipiga, mara mbili au tatu, kabla mikono haijanifia.

Toka siku ile nikaanza kumsikia mjane. Sisemi kuhusu pepo, mimi ni mtu wa kanisa na pepo siwapi nafasi. Nasema nilikuwa nikimenya ndizi jikoni, au nikipanga foleni benki, na maneno yanakuja, na hayaji kwa sauti peke yake. Nayaona yakijiandika kwa hati mkato, kila mkunjo mahali pake, na mstari wangu juu yake. Jirani yangu akaanza kujenga nyumba za kupangisha, na lori likamwaga mchanga karibu na geti langu. Fundi akiuchekecha akakuta kikombe cha plastiki, cha bluu, kimepasuka mdomo, akakitupa kando. Vikombe vya namna hiyo viko kila nyumba Ukambani. Nilijua hivyo, na bado nilikiokota, nikakiosha, nikakiweka kabatini nyuma ya sahani za wageni. Mjukuu wangu alipokishika siku moja nilimfokea hadi akalia. Sikuweza kumwambia mama yake sababu.

Kisha binti wa mjane akaja. Anafanya kazi kwenye kiwanda Athi River, na alikuja Jumamosi moja kwa moja kutoka zamu, bado kadi ya kazi imening'inia shingoni. Alikuwa na ile mikono ya mama yake. Alinisalimia vizuri, akaketi, akaniambia kwamba chifu ataita kikao baada ya juma moja kuamua kama njia ya malori ifungwe au la, na kwamba baba yake mdogo anazunguka na karatasi.

"Karatasi gani?" nikamuuliza, na nilijua.

"Yenu. Iko na muhuri. Imesema mum alikubali na hakukuwa na malalamiko. Anasema hata mwenyewe hakuwahi kuogopa hiyo mahali." Akaigeuza kadi yake ya kazi. "Mimi sikuwa hapa. Nilikuwa zamu. Nataka tu kujua, mama, siku hiyo hapa kwenu alisema nini?"

Nikamwambia nitaangalia kwenye faili. Mungu anisamehe. Hakukuwa na kitu cha kuangalia kwenye faili, kilikuwa kimepikia chai.

Nililipeleka jambo kwenye bodi Alhamisi iliyofuata. Nilisimama, ingawa huwa sisimami, nikasema nataka kumbukumbu za kikao kile zifunguliwe na maneno ya mjane yaingizwe. Sitaki kumchora Madam kama mtu mbaya, kwa maana si mbaya, na mimi na yeye tumezikiana wazazi. Alinijibu kwa upole.

"Katibu, tukifungua hiyo moja tutafungua zote. Wale ndugu wawili wa Kangundo, unakumbuka walichoambiana kuhusu mama yao? Leo wanatumia ghala moja. Walituamini kwa sababu waliona karatasi ikichomeka."

"Nakumbuka. Lakini hao wako hai," nikasema.

"Na pia," akaendelea, "mimi sikumbuki kama alisema hivyo. Nakumbuka alilalamikia kelele za malori."

Mwingine akasema yeye anakumbuka vumbi. Mwingine akasema mjane alisema ukingo utaanguka, hakusema utaanguka naye. Nikawaangalia hawa wanawake, ambao kila mmoja ninamjua hadi ukubwa wa viatu vyake, na nikaona hawadanganyi. Walikuwa wamesahau. Tuliamua kusahau, tukafanya sherehe ya kusahau, tukapikia na chai, na kumbe ilifanya kazi barabara. Kwa muda nikaogopa kwamba mimi ndiye niliyebuni. Huenda nilikuwa nimemwekea maneno mdomoni baada ya kifo chake, kama watu wanavyofanya kwa marehemu. Nikaketi.

Mama wa vitambaa ndiye aliyesema, bila kuninyanyulia macho. Alikuwa akikunja leso yake na kuikunjua.

"Alipiga meza. Kalamu ya katibu ikaruka ikaanguka kwa mguu yangu, mimi ndio niliokota. Na alisema hivyo. Alisema mara mbili." Akaifuta pua. "Mimi nikacheka nikasema simba amekuwa kondoo. Hiyo pia muandike, kama mnaandika."

Sisi hatupigi kura. Jambo linapita tukikubaliana wote, na siku ile hatukukubaliana. Madam alisema kumbukumbu zitabaki zilivyo, ila hawezi kumzuia mtu mzima kusema anachokumbuka kwa jina lake mwenyewe. Kisha akatoka kwenda varandani, akasema anaenda kuangalia moto. Alikaa huko muda mrefu. Nilipita nikamwona amesimama mbele ya jiko ambalo halikuwa limewashwa.

Siku ya kikao kwa chifu nilivaa kitambaa changu cha bluu, halafu nikakivua, nikavaa cha kawaida. Nilikuwa nimeandika maneno ya mjane kwa hati mkato kwanza, ndiyo mkono wangu ulivyoyapokea, halafu nikayanakili kwa Kiswahili chake mwenyewe, bila kurekebisha chochote. Mama wa vitambaa alifunga duka akaja. Shemeji alisoma karatasi yetu kwa ile sauti yake ya asali, akauinua muhuri watu wauone. Nilipoitwa nikasema mimi ndiye niliyeandika karatasi ile na kwamba haikusema yote. Watu wakaguna. Nikasoma. Niliposoma "itaanguka na mimi" niliruka neno, nikaanza upya, kwa sababu sikutaka neno lolote lirukwe tena.

Shemeji akasimama. Hakufoka, huwa hafoki.

"Chifu, huyu mama naheshimu," akasema. "Lakini hata wao wenyewe walijua hiyo ilikuwa hasira tu. Ndio maana hawakuandika. Mtu akikasirika si anasema tu chochote?"

Alikuwa ametumia sheria yetu sawasawa na tulivyomfundisha. Chifu akasema njia isimamishwe kwa muda, malori yasipite hadi wakubwa wa kaunti waje wauone ukingo, na kikao kikavunjika. Nilijua kwamba kusimamishwa kwa muda si kufungwa. Lakini juma lile malori ya upande ule hayakupita chini ya dirisha letu.

Nje nilimkuta binti wa mjane ameegemea ukuta, ameshika ile karatasi niliyoisoma. Nilimwendea kumwomba msamaha. Nilikuwa nimeyapanga maneno usiku kucha, na yalipotoka yalitoka ovyo. Nikamwambia tulikosea, kwamba hata kama mtu amekasirika, hasira yake nayo ni neno, tungeiandika.

Alitikisa kichwa. Hakuwa na ukali wowote, na ningependa angekuwa nao.

"Mum hakuwa amekasirika," akaniambia. "Akiogopa ndio alikuwa anapiga kelele hivyo. Nyoka ikiingia kwa nyumba, mtoto akiwa na homa, alikuwa anapiga hadi meza. Hata majirani walikuwa wanajua, wanakuja kusaidia." Akaikunja karatasi, akaiweka nyuma ya kadi yake ya kazi. "Akikasirika alikuwa ananyamaza. Angeweza kukaa siku tatu hakuongeleshi."

Nikamwambia nimesikia. Akaniaga, akavuka barabara kwenda kutafuta gari la Athi River, kwa kuwa alikuwa na zamu.

Jioni ile nilirudi ofisini peke yangu, nikatoa faili, nikafungua kumbukumbu za kikao cha mama yake. Muhuri uko pale, alama ya kidole gumba iko pale. Na chini kabisa uko ule mstari nilioongeza kwa furaha yangu, kwa mwandiko wangu mzuri: "Baada ya kusikilizwa, mama alinyamaza, akatia sahihi kwa amani."